Maneno Kumi na Shahidi wa Uongo

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Kisiki alimpelekea shangazi yake chai gereji. Jina hilo la Kisiki alipewa na shangazi huyo huyo, kwa sababu mtoto yule akisema hapana, mlie, mcheke, hapana ni hapana.

Wiki ile alikuwa na kazi ya ziada. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewaagiza wanafunzi wa darasa la sita watafute maneno ya Kiingereza ya kuelezea vitu au watu wasiohamishika. Tena si vitabuni! Kila neno litoke kinywani mwa mtu, na mtu huyo aandikwe kwenye safu ya "Shahidi". Mwisho wa karatasi, wote wa meza moja watie saini. Meza itakayoshinda kwa wingi wa maneno itakwenda kituo cha redio kusoma maneno yake hewani.

Redio! Kisiki alikuwa akijifungia bafuni kusoma taarifa ya habari mbele ya chupa tupu ya sabuni. Hakuna kitu alichokitaka duniani kama kukaa mbele ya kipaza sauti cha kweli.

"Shangazi, hili jiliwa la kubania vyuma, lililofungwa mezani kwa boliti, kwa Kiingereza wangesemaje?"

"Wangesema ni 'fixed'," alijibu shangazi, mikono imejaa grisi. "Na usiniulize la pili, mama, Kiingereza changu kinaishia hapo."

La pili, "stuck", alilipata kwa dereva wa lori aliyekuwa akihangaika na nati iliyoshika kutu. La tatu, "stubborn", alipewa na nesi jirani yao, kuhusu mgonjwa mmoja anayefumba mdomo kila akiona kijiko cha dawa. Siku tatu, maneno matatu.

Alhamisi, meza yao ikakutana. Walikuwa wanne: Kisiki, wasichana wawili mapacha, na kiranja wa darasa. Kiranja akatandaza karatasi huku akicheka mwenyewe.

"Kazi imekwisha! Nimeongeza kumi kutoka kitabu cha zamani cha kaka yangu."

Kisiki akapitisha macho kwenye safu ya mashahidi. Mbele ya maneno yote kumi paliandikwa: Shangazi yake Kisiki, fundi makanika.

"Wee! Shangazi yangu hakuyasema haya."

"Sasa nani atakwenda kumuuliza? Muda wote yuko chini ya magari."

"Futa."

"Sifuti."

"Basi na mimi sitii saini."

Mapacha wakamshika mikono, mmoja huku, mwingine huku. "Jamani Kisiki, ni redio! Wewe ndiye uliyeitaka kuliko sisi!"

Hapo walimgusa penyewe. Kalamu ilikuwa pale pale karibu na kidole chake.

"Bila saini yako tunatolewa," alisema kiranja. "Tutamwambia kila mtu kwamba ni wewe uliyetunyima."

"Waambieni. Tena mseme kwa sauti."

Mwalimu akafika. "Saini ya nne iko wapi?"

"Kisiki ameleta ukaidi wake, Mwalimu," kiranja aliwahi kusema.

Kisiki akasimama. "Nisamehe, Mwalimu. Shangazi alinipa neno moja tu. Haya kumi hayajui, na sitatia saini hata nikitolewa."

"Amesahau huyo!" akadakia kiranja.

"Gereji si mbali," alisema Mwalimu taratibu. "Masomo yakiisha, twendeni tukamwone shahidi."

Jioni shangazi akajivuta kutoka chini ya lori, akawasalimu, akasikiliza yale maneno moja baada ya jingine huku macho yakizidi kumtoka.

"Hilo la mwisho ni neno au ni ugonjwa?" aliuliza, na mapacha wakashindwa kujizuia kucheka. Kisha akamtazama Kisiki, akaona jinsi alivyouma midomo. "Mwalimu, nampenda mtoto wangu, na natamani ashinde. Lakini sikuyasema. Nikimwambia dereva breki zake ni nzima, anapakia watu na kuondoka kwa sababu ya neno langu. Jina langu msilichezee."

Kiranja akasogea mbele, akasema, "Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe. Na wewe shangazi, nisamehe." Akachukua kalamu, akafuta yote kumi.

Mwalimu aliwaongezea siku moja. Wanne wakagawana mji: kwa fundi bomba, kwa mlinzi wa benki, kwa karani wa posta. Kiranja peke yake alileta maneno matatu, na soli ya kiatu imebanduka kwa kutembea. Wakafikisha tisa, wote wakatia saini.

Meza ya dirishani ilileta kumi na moja. Hao ndio walioshinda redio.

Kisiki alilia, tena mbele ya watu. Mmoja wa washindi akapaza sauti, "Tisa tu, na kelele zote zile!"

Kiranja aliruka kutoka kitini. "Tisa, na kila moja lina mwenyewe! Nenda kawaulize!"

"Kaa chini, umesikika," alisema Mwalimu, akaandika ubaoni neno moja jipya: "steadfast", yaani mtu thabiti. "Sikilizeni wote. Mkaidi hahamishiki, na huyu wa ubaoni naye hahamishiki. Lakini mkaidi hubaki palepale hata ukimwonyesha amekosea. Huyu habanduki kwa sababu amesimama kwenye ukweli, na hata akipoteza anachokipenda hauachi. Ukitaka kujua wewe ni yupi, jiulize unachokitetea ni kweli au ni kiburi chako. Kisiki alijiuliza mapema. Kiranja alichelewa, lakini alijiuliza."

Kisiki akajifuta machozi kwa mkono wa sare. Redio ilikuwa ingali ikimuuma sana. Lakini kama wangemletea ile karatasi tena dakika ile, na kalamu juu yake, angekataa tena.