Kamba ya Mbuzi wa Mama Godelive

Kila asubuhi Mélanie ndiye aliyefungua madirisha ya ofisi ya wakili, Maître Syauswa, na kila asubuhi vumbi jekundu la Butembo lilikuwa limemtangulia. Lililala juu ya mashine ya kuandikia, juu ya vitabu vya sheria, juu ya kiti cha wateja. Alilipangusa na kulifagia, na kabla hajaweka ufagio chini, chukudu za kwanza, zile baiskeli za mbao zinazobeba viazi, zilipita barabarani zikilitimua upya.

Mélanie alikuwa akijifunza uwakili. Alikuwa amemaliza masomo ya sheria, lakini asingeitwa wakili kamili mpaka afanye kazi chini ya wakili mkubwa: abebe mafaili, asikilize wateja, aandike hoja, asahihishwe, aandike tena. Maître Syauswa Paulin alisahihisha kwa kalamu nyekundu, na wino hakuuonea huruma.

Ilikuwa miaka ya vita. Kinshasa ilikuwa na serikali yake. Butembo na Beni zilikuwa na wakubwa wao wenye bunduki, nao waligombana, wakapinduana, wakabadilishana viti. Kila mkubwa mpya alisema amekuja kuwakomboa watu. Kila mkubwa mpya aliweka kizuizi njiani, na askari wake wakala kuku wa watu wale wale aliokuja kuwakomboa. Mambo hayo hayakuotwa ndotoni. Walioyaona wangali hai.

Kwa hiyo kichwa cha Mélanie kilikuwa kimevurugika. Chuoni alifundishwa kwamba ardhi ni ya serikali. Watu wa vilimani walijua kwamba ardhi ni ya chifu wao. Askari walijua kwamba ardhi ni ya mwenye bunduki.

"Maître, sisi tunafuata sheria gani?" aliuliza siku moja.

"Ile utakayoitetea bila kuona haya," Maître akajibu bila kuinua macho. "Na hapa umeandika vibaya. Rudia."

Siku hiyo hiyo aliingia Mama Godelive, mjane aliyelima kilimani, pembezoni mwa Vulamba. Alikalia ukingo tu wa kiti, kama mtu atakayeamriwa kusimama wakati wowote.

"Wavukire, mama," Mélanie alimwamkia kwa Kinande.

"Wavukire, mwana wangu. Malachie anataka kunitoa mu shamba. Batoto ba mwanangu aliyekufa banakula mule. Maharagwe tutapanda wapi?"

Malachie alikuwa chifu wa ardhi ya kilima kile. Kila mwaka, mtu anayelima kwenye ardhi yake alimpelekea mbuzi wa muhako. Mbuzi huyo alikuwa kama neno: ukimpeleka, unasema ardhi ni ya chifu, akimpokea, anasema wewe ubaki ulime. Sasa Malachie alidai kwamba mbuzi wa Godelive hakufika, na kwamba kabla ya mvua za kupanda atampa mtu mwingine shamba hilo.

"Mbuzi ulimpeleka, mama?"

"Nilimupeleka."

"Wewe mwenyewe?"

"Miye mwenyewe, na kamba mu mukono."

Mama Godelive akatazama mlangoni. Askari wawili walikuwa wakipita, redio begani, wakiimba Kilingala. Akafunga mdomo, na Mélanie akaandika alichosikia.

Kesho yake Maître alimtuma kilimani akalione shamba. Kabla hajaondoka akamwelekeza jambo moja, kwa sababu Mélanie alizaliwa mjini, Bungulu kule Beni, na desturi za kilima hiki hakuzijua.

"Pale kwa Malachie hawaandiki karatasi. Wakishapokea mbuzi, wanamfunga kwa kamba yao, halafu kamba yako wanakurudishia mkononi. Ukirudi nyumbani na kamba bila mbuzi, majirani wote wanajua umepokelewa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Maître."

Njia ya kilimani ilipita kwenye kizuizi, mti mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya mapipa. Askari walimwacha apite baada ya kumtania kuhusu viatu vyake. Alilikagua shamba, akachora mipaka yake, kisha akaingia jikoni kwa Mama Godelive kunywa maji. Hapo akaiona: kamba ya mkonge, imening'inia kwenye msumari.

"Mama! Ndiyo ile ya mbuzi?"

"Njo ile."

"Basi tumeshinda! Kamba imerudi!"

Mama Godelive akakaa chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Mwana wangu, kamba ni kamba tu. Uiache pale."

Mélanie hakuelewa. Mtu anaambiwa ameshinda, naye anainamisha kichwa? Akajiambia kwamba mama anamwogopa chifu. Angeweza kumuuliza. Lakini furaha ilikuwa imeshamtoa mlangoni, na miguu yake ilikuwa inateremka mlima.

Alipiga chapa hoja za mahakamani jioni ile: mbuzi alipokelewa kwa Malachie, na kamba ikarudishwa kama desturi inavyotaka. Maître alikuwa akifunga mkoba, anaenda Beni kwa kesi nyingine. Akasoma amesimama.

"Nani aliirudisha hii kamba?"

"Nyumba ya Malachie, Maître."

"Mama amekuambia hivyo?"

"Ndiyo, Maître."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi. Maître akatia sahihi, na nakala ikaenda kwa Malachie.

Haikuchukua muda, Malachie akafika ofisini. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti la zamani, na hakubisha hodi.

"Ni wewe uliandika kamba?"

"Ni mimi, tata," Mélanie akamjibu mzee kwa heshima.

"Mbuzi miye sikumuona! Naapa mbele ya Mungu. Lakini kama kamba ilirudi, basi mutu wa nyumba yangu aliirudisha. Na nikitoka, anayepokea ni Henri, mutoto wangu. Donc Henri alipokea mbuzi, akamuuza, akaninyamazia! Alikataa. Alilia. Nimemupeleka kwa askari ba kizuizi, bamufunge mu cachot mpaka aseme ukweli. Ulinifunulia mwizi, mademoiselle. Njo nilikuja kukuambia."

Akaondoka. Mélanie akabaki na kitambaa cha vumbi mkononi, asijue anapangusa nini.

Akajaribu kupanga mambo kama alivyofundishwa. Mzee huyu hasemi uongo. Uso wake ulionyesha. Mama Godelive naye hasemi uongo. Henri analia chini ya ulinzi, anakana. Na kamba ipo msumarini. Wote wakweli, na mbuzi hayupo! Aligeuza jambo hili huku na huku, na kila alipofika mwisho alijikuta pale alipoanzia. Kulikuwa na neno moja tu katika habari yote ambalo hakuna mtu aliyelisema isipokuwa yeye.

Akaacha ofisi wazi, akapanda kilima mbio.

"Mama, nani alikurudishia kamba?"

Mama Godelive alikuwa akichambua maharagwe ya mbegu. Mikono ikasimama.

"Wale ba kizuizi," akasema chini chini. "Bakamukamata mbuzi, bakafungua kamba, bakanitupia usoni. *Zwa singa na yo, mama, biso tolyaka singa te.* Uchukue kamba yako, sisi hatukulake kamba. Bakacheka. Miye nikaiokota."

"Lakini mama, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliniuliza kama nilimupeleka. Nilimupeleka. Uliniuliza kama kamba njo ile. Njo ile. Kisha ukafurahi, ukakimbia kama umefukuzwa na nyuki. Na miye niseme majina ya askari, kesho bachome nyumba na batoto ndani?"

Mélanie akamweleza kuhusu Henri. Mama Godelive akayaweka maharagwe chini.

"Henri? Ule nilimubeba mugongoni mama yake akiwa mugonjwa? Anafungwa juu ya mbuzi, na bale banamulinda njo balikula ule mbuzi?"

Maître Syauswa alirudi kutoka Beni akiwa mwekundu kwa vumbi la njia, na Mélanie akamwambia yote kabla hajakaa.

"Uliniambia mama ndiye aliyesema," Maître akasema.

"Nilidanganya, Maître. Nilidhani ndivyo ilivyo, na nilitaka tushinde."

Maître hakupaza sauti, na hilo lilimchoma Mélanie zaidi. "Kesho tunasikilizwa. Ukinyamaza, kamba itashinda kesi. Jaji ataiamini, hata Malachie ameiamini."

"Na nikisema kweli?"

"Mama anaweza kupoteza shamba. Wewe na yeye mnaweza kuchukiwa na wenye bunduki. Kwa hiyo huendi kusema lolote bila yeye kukubali. Nyumba itakayochomwa si yako."

"Amekubali, Maître. Amesema Henri hawezi kuozea ndani kwa sababu ya hofu yake."

"Basi utasimama wewe. Mkono ulioandika ndio utakaofuta."

Jaji Hippolyte alikuwa ametumwa Butembo kutoka Kasai kabla ya vita, na mshahara wake ulikuwa umepotea njiani miaka mingi. Viatu vyake vilikuwa vimechoka lakini vimepigwa rangi. Chumba kilijaa watu wa kilimani, na mlangoni aliegemea askari mmoja akitafuna muwa.

Mélanie alisimama ndani ya joho la kuazima lililomfika vidoleni.

"Juge, niliandika kwamba nyumba ya Malachie ilipokea mbuzi na kurudisha kamba. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilitunga. Naomba kuyafuta maneno hayo, na namwomba radhi Tata Malachie na mwanawe Henri."

"Eh! Avocate anajipiga mwenyewe!" mtu akapiga kelele nyuma, watu wakacheka. Mélanie akatamani sakafu impokee.

"Kimya!" Jaji akasema. "Basi kamba ilitoka wapi?"

Mama Godelive akasimama, kamba mkononi. Akasimulia yote: kizuizi, kicheko, kamba usoni. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo. Alipofika kwenye kile kicheko ikawa kubwa. Askari wa mlangoni aliacha kutafuna. Chumba chote kiligeuka kumtazama, naye akatazama buti zake.

Malachie alisimama, akaegemea benchi.

"Godelive. Balipomukamata, mbuzi alikuwa amefika wapi?"

"Alikuwa amevuka kijito, tata. Nyumba yako niliiona."

"Alikuwa anakuja kwangu?"

"Angeenda kwa nani tena?"

Mzee akapumua kwa nguvu. "Basi alikuwa mbuzi yangu. Wewe hawakukuibia, baliniibia miye. Na miye, mujinga, nikabapelekea na mutoto wangu bamulinde!"

Akanyoosha mkono, akaomba kamba. Akaitazama, akaikunja vizuri. Kisha, mbele ya watu wote, akamrudishia Mama Godelive kwa mikono miwili, kama nyumba yake ilivyofanya tangu zamani.

"Nimepokea," akasema. "Ulime."

Jaji Hippolyte akaandika kwamba shamba linabaki kwa Mama Godelive. Akaandika pia kwamba mbuzi alinyang'anywa na askari wa kizuizi, na kwamba Henri aachiliwe. Kalamu yake ilisita kwenye neno "askari", kisha ikaendelea.

Lakini karatasi peke yake isingemtoa Henri. Malachie alitangulia, Mama Godelive akafuata na kamba yake, na nyuma yao wakaenda watu wote wa chumba kile, na wa sokoni waliouliza kuna nini wakajiunga nao. Hawakubeba jiwe wala fimbo. Walisimama tu mbele ya kizuizi, wengi, wakitazama. Askari walioizoea njia yenye mama mmoja na mbuzi mmoja hawakuizoea njia kama ile. Wakamtoa Henri. Mbuzi hawakumlipa mpaka leo, na kilima kile hakijasahau.

Henri alifika ofisini siku iliyofuata, jicho moja limevimba.

"Wewe njo avocate wa mbuzi?" akauliza.

"Ndiyo mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mais siku ingine, uandike polepole." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaenda zake. Mélanie hakuweza kucheka.

Maître Syauswa akamwita mezani. Hakushika kalamu nyekundu.

"Mélanie, ulitaka kumsaidia mjane, najua. Lakini mahali usipopajua ulipajaza kwa kile ulichokitamani, na aliyelipia ni kijana asiye na kosa. Uongo wa nia njema unaumiza kama uongo mwingine wowote. Na sikiliza hili pia: wale wa kizuizi wanakula mbuzi wa watu kwa sababu mwenye kuonewa anaogopa kusema, nasi tulioenda shule tunaona uvivu kumuuliza. Muulize mtu mpaka mwisho. Halafu uandike alichosema, hata kama hakikupendezi."

"Nimesikia, Maître."

Nje chukudu zilipita, vumbi likaingia, likatua kwenye kiti cha wateja. Mélanie alikipangusa, kwa maana mtu mwingine alikuwa tayari amesimama mlangoni, kofia mkononi. Akamkaribisha, akamwuliza swali la kwanza, akaiweka kalamu mezani, na akamsikiliza.