Injekta Nne na Valizi Moja

Gari la Kamate lilizima pale Majengo, katikati ya barabara, saa ile watu wote wa Goma wanapokimbilia soko kwa pamoja. Halikukohoa wala kuaga. Lilikuwa pickup ya mazutu, yaani dizeli, ya hizi za kisasa zenye komputa tumboni, na mgongoni lilibeba kabichi za Kibumba zilizopangwa hadi kupita kichwa cha mtu mrefu. Nyuma honi zikaanza kulia. Pembeni chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, zenye makaa zikakosa njia, na wenyewe wakaanza kutukanana.

"Papa wa kabichi!" mama mmoja muuza nyanya akapaza sauti. "Unafungua soko yako hapa hapa?"

Mtu mwingine angeshuka mbio. Kamate alifunga vioo kwanza, akafunga milango, kisha akatazama kiooni nani anakaribia mzigo wake. Ndivyo alivyokuwa: mwanaume wa Butembo, miaka thelathini na minane, koti la ngozi hata jua likiwaka, viatu vinavyong'aa juu ya vumbi jeusi la volkano, na moyo wenye kufuli tatu. Pickup ile aliinunua baada ya miaka tisa ya kubeba maharagwe begani. Mwaka wake wa kwanza tu, garaji moja ilimtolea turbo nzima ikamwekea maiti. Tangu siku ile, fundi akimsalimu, Kamate huhesabu kwanza vidole vyake.

Akapiga ufunguo mara ya sita. Kiganja kikagonga kapo, boneti ya mbele.

"Papa, acha ule ufunguo! Utaua na batri sasa."

Alikuwa mwanamke. Kombinezo ya buluu ya kazi, mikono ya nguo imefungwa kiunoni kama mshipi. Kitambaa cha kitenge chekundu kichwani. Hereni ndogo za dhahabu. Vidole vyeusi kwa grisi, na ndani ya vidole hivyo hindi la kuchoma lililoliwa nusu.

"Wewe nani?" Kamate akauliza kupitia upenyo wa kioo.

"Mutu mwenye masikio. Toka pale chini niko nasikia gari yako inalia injekta."

"Gari hailii. Imezima tu."

"Wanaume nao ni vile vile. Wanalia ndani, kiisha wanazima."

Wamama wa nyanya wakacheka hadi mmoja akaketi chini. Kamate hakucheka, lakini sikio lake moja lilipata joto.

"Nani amekutuma?"

"Njaa," akasema yule mwanamke, akang'ata hindi. "Naitwa Rosine. Garaji yangu iko hapa Katoyi, hatua mia mbili. Tusukume, ao unangoja kabichi ziote mizizi?"

*

Kamate alipeleka kabichi sokoni kwa chukudu, kisha akarudi mbio garajini, akageuza bidoni tupu ya mafuta na kuketi juu yake, mita moja kutoka kwenye injini. Siku nzima. Na siku ya pili pia.

"Papa Kamate," Rosine akamwuliza, kichwa chake kimezama chini ya kapo, "uko muteja ao uko mulinzi?"

"Niko mwenye gari."

"Wenye gari wengine wanaenda kutafuta pesa."

"Wale ndiyo wanakuta turbo imekufa."

Rosine akachomoa kichwa. Uso wake ulikuwa na mstari wa mafuta kutoka shavuni hadi kidevuni, na macho makubwa ya watu wa Rutshuru yalimtazama bila haraka. "Mutu alikuumiza," akasema taratibu. "Sawa. Shika taa. Kama utaangalia, angalia vizuri."

Akashika taa. Akafundishwa kwamba injekta ndiyo inayoinyunyizia injini mazutu, tone kwa tone, na kwamba mazutu ya bidoni za barabarani imejaa maji na mchanga. Akafundishwa kunusa moshi. Rosine alipozichomoa zile injekta nne na kuzilaza juu ya kitambaa safi, Kamate alizitazama kama mtu anayetazama meno yake mwenyewe yakiwa mezani. Na Rosine alipokwenda kunawa mikono, Kamate akatoa mfukoni chupa ndogo aliyoinunua Birere asubuhi ile, akatia kila injekta doa la verni nyekundu ya kucha. Kisha akaketi tena juu ya bidoni, ametulia kama padri.

Siku ya tatu alikuja na sahani mbili za fufu na sombe.

"Na hii ni ya nini?" Rosine akauliza.

"Mulinzi naye anakula."

"Na mufungwa?"

"Anakula wa kwanza."

Akaanza kumpigia simu asubuhi, kabla jua halijashika vizuri.

"Alo, fundi. Gari imelala muzuri?"

"Gari imelala. Mwenye gari?"

"Mwenye gari hakulala."

"Pole. Basi ni yeye nitafungua injini leo."

Jumapili, baada ya misa, walikutana Himbi, mahali pa kula sambaza kando ya ziwa. Kamate alifika wa kwanza, akachagua kiti cha kuelekea mlango, akawa anatafuta kombinezo ya buluu. Mwanamke aliyesimama mbele yake alivaa gauni la kitenge cha manjano lililoshika kiuno, viatu vya kisigino, na nywele zilizosukwa nyuma zikiacha shingo peke yake.

"Hata sura yangu inataka alama ndiyo uitambue?" Rosine akasema.

Kamate akashtuka kwa neno "alama", lakini yule alikuwa anatabasamu tu. Wakala sambaza za kukaanga kwa pilipili, vidole vikigongana sahanini. Akamweleza habari za miaka tisa na maharagwe. Rosine akamweleza jinsi shuleni, kwenye mekanika, alivyokuwa msichana peke yake kati ya wavulana thelathini, nao wakimtuma maji. Kufuli moja ikafunguka kifuani mwa Kamate. Ya pili ikaanza kulegea.

Simu ya Rosine ikalia. Akageuka kidogo upande wa ziwa.

"Alo, Aubin? ... Ndiyo, valizi iko tayari? ... Apana, kesho mapema, saa kumi na mbili. Mbele yeye hajafika ... Ee, kama yeye iko pale hatutamaliza! ... Najua, saa tatu lazima Gisenyi. Usichelewe, ndugu yangu."

Akakata simu, akachukua sambaza nyingine. "Ulikuwa nasema nini?"

"Hakuna," Kamate akajibu. Samaki mdomoni mwake alikuwa amegeuka karatasi. Valizi, sanduku la safari. Mapema, kabla yeye hajafika. Saa tatu Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Na ule "ndugu" — mwanamke gani katika mji huu hamwiti mwanaume wake "ndugu" mbele ya mwanaume mwingine?

Kufuli zote tatu zikajifunga, moja baada ya nyingine.

*

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, alisukuma lango la garaji bila kubisha. Kapo ilikuwa wazi. Kijana wa kofia ameinama karibu na Rosine, bega kwa bega. Juu ya kiti cha pickup kulikuwa na valizi nyeusi, imefungwa. Kamate hakumsalimu mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye injini.

Injekta nne zilikuwa mahali pake, zinang'aa. Doa jekundu hakuna. Hata moja.

"Ziko wapi?" sauti yake ikapasuka. "Injekta zangu ziko wapi?"

"Kamate, habari ya—"

"Niliziweka verni! Zote nne! Umezitia katika ile valizi upeleke Gisenyi na huyu bwana yako!"

Aubin akafungua mdomo, lakini Rosine akamzuia kwa mkono. Kwenye lango wateja wawili walikuwa wameshasimama, na mama wa chai pamoja nao.

"Uliniweka alama?" Rosine akauliza pole pole. "Pale nilienda kunawa mikono?"

"Nilijua! Toka siku ya kwanza nilijua. Ninyi ni vile vile wote. Ninyi watu wa..."

Akaikata hapo hapo. Lakini maneno mengine yakikatwa hutoa damu zaidi kuliko yaliyomalizika.

"Sisi watu wa nani, Kamate?" Rosine akasema. "Malizia. Sisi watu wa nani?"

Goma nzima inajua jinsi sentensi ile inavyomalizika: kwa jina la kabila. Rosine akarudisha kifuniko cha injini, akashusha kapo, akatoa ile valizi kitini, akamwekea ufunguo kiganjani bila kugusa ngozi yake.

"Peleka gari yako. Kazi haijaisha, lakini mimi nimeisha."

Pickup iliwaka, ila vibaya: inagonga, inatetemeka, inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Kamate akaipandisha hivyo hivyo hadi Munigi kwa muzee Nsengimana, fundi wa zamani anayesemwa na watu kwamba hajui kudanganya kwa sababu ya uvivu.

"Wameniibia injekta," Kamate akamwambia. "Angalia mwenyewe."

Nsengimana akachomeka kidude kidogo chini ya usukani, akafungua simu, akavaa miwani. Akasoma namba kwenye simu, akasoma namba zilizochongwa juu ya injekta, akarudia. Kisha akacheka hadi akakohoa.

"Mutoto wangu, kila injekta inazaliwa na namba yake, na komputa ya gari inaikumbuka kama mama. Zote nne ni zako. Ila ya pili na ya tatu zimebadilishana kiti."

"Kwa nini zibadilishane?"

"Juu ya kutafuta ugonjwa! Unahamisha injekta, kama ugonjwa unahama nayo, umeipata. Huyo fundi anajua kazi. Kiisha unapiga valizi, unaambia komputa viti vipya. Bila vile, gari inatetemeka kama sasa."

"Unapiga nini?"

"Valizi! Ile mashini ya kusoma magari, inakaa katika kisanduku. Ya kijana Aubin ndiyo kubwa kupita zote. Kila Jumatatu saa tatu inavuka Gisenyi, wale wa kule nao wanaingojea. Hata mimi naikodishaka."

Kamate akaketi kwenye jiwe. "Na verni ya kucha?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Verni gani? Injekta inaoshwa na dawa kali. Hata dhambi haibaki pale."

*

Alipiga simu mara kumi na moja. Mwishowe ukaingia ujumbe: "Namba hii ni ya garaji. Kama gari inaumwa, ilete. Kama ni mengine, usisumbue."

Akaileta. Rosine alikuwa chini ya gari jingine. Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Kamate akaongea na ile miguu.

"Nilimwona Nsengimana. Nilikosa, Rosine. Nilikosa mbele ya watu, na mama wa chai nimeshamwambia wewe si mwizi."

Miguu ikajivuta ndani zaidi.

"Ile neno... nilitaka kusema watu wa garaji."

"Mutu mwenye anataka kusema garaji hasimame katikati," sauti ikatoka chini.

Kamate akatafuta uongo mzuri, akauona, akauacha. "Sijue nilitaka kusema nini. Nilikuwa na hasira, mudomo ulikuwa natafuta jiwe ya kutupa."

"Na ulilipata?"

"Nililiona. Sikuliokota."

Spana ikagonga chuma mara mbili.

"Acha ufunguo juu ya kapo. Wende."

"Ninaweza kushika ta—"

"Wende, Kamate."

Akaenda, kwa miguu, bila kugeuka nyuma. Siku ya kwanza alikuna mikono. Siku ya pili akatoka nyumbani kuelekea Katoyi, akafika nusu ya njia, akarudi. Siku ya tatu alikuwa ameketi soko la Virunga bila mzigo, mwenzake Cédrick akaja anahema.

"Kamate! Gari yako nimeiona Kanyaruchinya! Mwanamuke iko kwenye volan, anaendesha yeye, na mizigo nyuma! Wewe umemwachia gari mutu uliyeita mwizi, na umekaa hapa?"

Kamate akatoa simu. Kidole kikakaa juu ya jina la Rosine. Kanyaruchinya ni njia ya kutoka mjini. Na mizigo. Jasho likamshuka ndani ya koti. Kisha akairudisha simu mfukoni.

"Kama iko kwenye volan," akasema, "anajua anaenda wapi."

"Umerogwa," Cédrick akasema.

Jua lilipoanza kulala, pickup ikaingia sokoni, sauti yake laini kama cherehani, magunia ya viazi yamejaa nyuma. Rosine akashuka na kombinezo yake ya buluu. Akasimama mbele ya Kamate, mikono kiunoni.

"Gari ya mazutu inapimwa na muzigo, haipimwe bure. Sasa uliza. Najua inakuwasha. Nilipita wapi, ni viazi vya nani, niliinywesha mazutu gani. Swali moja nakupa, moja tu."

Wamama wa viazi wakasogea karibu. Kamate akalitazama gari lake, akamtazama Rosine, akalamba midomo.

"Wazee wako," akasema, "wanakaa wapi?"

Mwanaume akimuuliza mwanamke hivyo, hatafuti jina la barabara. Mama mmoja akapiga kigelegele, akashika mdomo.

Rosine akamchunguza kama mtu anayesikiliza injini ya gari lililopona jana. "Rutshuru," akasema mwishowe. "Na wako na maswali kupita wewe."

"Nitajibu yote. Kwetu Butembo tunapelekaka mbuzi."

"Kwetu ni ng'ombe."

"Rosine, ng'ombe haingii katika pickup."

"Anaingia. Nimekaza resori zote za kubeba muzigo."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Akafungua mlango wa dereva, akapanda, akavuta kiti mbele kidogo hadi miguu yake ikafikia vizuri.

"Nyuma, sheri wangu, na ng'ombe," akasema. "Kushika volan yangu, tutaangalia kwanza."