Jibu Lililotangulia Swali

Ijumaa ya kwanza baada ya kuongezewa kasi ya mtandao, Ardo alimuuliza mwanawe, "Umeku—" na sauti ikajibu, "Nimekula, hooyo," yaani mama, kabla hajamaliza.

Binti yake, Kaltun, akacheka. "Si ndiyo kasi uliyoitaka, mama? Sasa anajibu hata hujauliza."

Ardo hakucheka. Kwa miaka sita Sahal alikuwa akipiga simu kutoka Edmonton, Kanada, kila Ijumaa alasiri, na kwa miaka sita waya wa zamani ulimkata maneno na kumgandisha mdomo wazi. Ndiyo maana Kaltun alihamia kifurushi cha juu. Sasa sauti ilikuja safi kama ya mtu aliyeketi nao mkekani. Picha tu ndiyo haikuja. "Kamera imeharibika," ilisema sauti. Na kila ilipotua ilisikika ikilamba midomo, na chumbani mwao, pale Hargeisa, pakanuka kiriba kikavu, mfuko wa ngozi wa kubebea maji.

Ikaanza kupiga kila siku. Mtaa nao ukaanza kulalamika.

"Ardo! We Ardo!" Dahabo, jirani wa ukuta mmoja, aligonga geti kwa kiatu. "Mmeumeza mtandao wote! Mna nini humo, kituo cha televisheni?"

"Kila nyumba ina waya wake, Dahabo."

"Waya wako, lakini sanduku la nguzoni ni letu sote! Mahad wangu akipiga akakuta njia imejaa, wallahi nitakuapiza."

Mahad aliondoka kupitia Libya miaka minne iliyopita. Tangu apande boti hakusikika tena, na hakuna mtu mtaani aliyethubutu kumwambia mama yake jambo ambalo kila mmoja alilijua.

Fundi Hirsi akaja, akapanda nguzo, akafungua sanduku, akashuka amenuna.

"Hakuna ubovu. Ila humu mwenu kuna mtu mmoja anavuta kuliko mtaa mzima, usiku na mchana. Mwambieni apumzike."

"Tuko wawili tu," Kaltun akasema.

"Basi mmoja wenu hashibi."

Alipoondoka, Kaltun akamwandikia kaka yake kwa simu yake ya mkononi, isiyopitia waya ule. Jibu lilichukua saa nzima. Alilisoma kimyakimya, kisha akalisoma tena kwa kunong'ona. "Anasema hajazungumza nasi tangu tubadilishe. Kila akipiga anaambiwa laini inatumika. Anauliza, mama, unazungumza na nani."

Ardo aliketi. Mwezi mzima. Mwezi mzima alikuwa akikipa kitu kile radhi na dua za mwanawe.

"Tumwite sheikh," Kaltun akasema.

"Nyamaza. Hiki kimeniingilia mimi."

Alasiri ile simu ikaita.

"Hooyo, niko njiani. Sema tu 'karibu nyumbani'. Sema, nifike."

"Utakaribishwa. Kwanza nihesabie baba zako."

Mtoto wa kwao huhesabu baba zake kabla hajajua kuhesabu mbuzi. Ardo alimfundisha Sahal mwenyewe, fimbo mkononi, na Sahal, hata alipoota ndevu, alimruka Rooble, babu wa baba yake, kila mara.

"Sahal wa Warsame," ikaanza sauti. "Warsame wa Geedi. Geedi wa Rooble."

Ikatua. Ilipoendelea haikuwa tena sauti ya Sahal, wala ya kiumbe chochote chenye mate kinywani.

"Rooble, ambaye mwaka wa ukame alikuwa na viriba viwili vimejaa, akamwona mgeni amesimama nje ya boma la miiba, akavuta tawi akaziba mlango, akajilaza akimsikia anaomba maji, mara ya kwanza kwa jina la Mungu, mara ya pili kwa jina la mama aliyemzaa, mara ya tatu bila maneno yoyote, na kulipokucha wanawe wakakuta nyayo zimefika mlangoni lakini hazikuondoka, wakahama siku ileile na kuapa wasiseme, bila kujua kwamba aliyesimama pale hakuwa mwanadamu na hafi kwa kiu, ila hubaki nayo tu, nyumba hadi nyumba, kizazi hadi kizazi, mpaka atokee mtu mmoja wa kumwambia karibu."

Kaltun alikuwa amejiziba mdomo kwa shungi. "Mama, ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Baba mkwe wake, mzee Geedi, alimsimulia mara moja tu, siku chache kabla ya kufa, naye hakumwambia mtu.

"Umesikia nilivyoomba," ikasema sauti.

"Nimesikia unavyoiba!" Ardo alikuwa amesimama. "Umemvaa mwanangu kama kanzu! Ugomvi wako ni na Rooble, mfuate kaburini. Hapa hukuitwa wala hutaitwa!"

Akatwaa kisu cha nyama, akatoka uani, akaukata waya pale unapoingia ukutani.

Taa za ruta zikazimika. Harufu ikatoweka. Kaltun akaanza kulia kwa nafuu, na huko nje vijana wakapiga miluzi. "Umefunguka! Mtandao umefunguka!"

Ardo alikuwa angali na kisu mkononi aliposikia simu ikiita upande wa pili wa ukuta.

"Mahad?" Ilikuwa sauti ya Dahabo. "Mahad, baba, ni wewe? Mbona unasikika karibu hivi?"

Ardo akakimbia hadi getini kwa Dahabo. "Dahabo! Kata! Usimwambie neno, si yeye!"

"Toka hapa!" Dahabo akafoka kutoka ndani, akilia na kucheka. "Wako yuko Kanada, kashiba, wangu ndiye unayemwonea kijicho? Kumbe muda wote huu ulikuwa umemzibia njia, mwanamke mbaya we!"

"Dahabo, Mahad amekufa!"

Miluzi ikakatika. Ardo akasikia neno lake mwenyewe likirudi kutoka ukutani, na akajua kwamba halitasamehewa.

Ndani, Dahabo akavuta pumzi. Alipozungumza alikuwa mtulivu kabisa, wala hakuwa akizungumza naye.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Karibu nyumbani."

Na Ardo, aliyekuwa ameegemea geti lililofungwa, akahisi bega la mtu likimgusa na kumpita kuelekea ndani, bila haraka, kama bega la mtu aliyealikwa.