Sufuria za Mama Angel Zina Majina

Foleni ya malori pale Tunduma hupita mbele ya mgahawa wa Sekela, mama Angel. Lori linaweza kukaa hapo siku nyingi likisubiri kuvuka mpaka. Na mtu anayesubiri lazima ale.

Jumamosi moja waliingia madereva kumi na wawili kutoka Zambia. Mkuu wao aliitwa Bwana Mwansa.

"Good morning, sir! How are you? I am fine, thank you!" Sekela akasema, hata pumzi hakuvuta. Alipokuwa mdogo, shuleni Ihanda, darasa zima liliimba maneno hayo kila asubuhi.

Bwana Mwansa akacheka kwa furaha. Akauliza kwa Kiingereza kuna chakula gani. Sekela akarudia salamu ileile. Basi madereva wakafanya kama wageni wote wanavyofanya pale. Wakafunua sufuria moja moja na kuchungulia. Lori likapita, vumbi likatua juu ya samaki. Madereva wakaangaliana, wakatoka.

Sabra, jirani anayeuza vitenge, aliwasikia wakizungumza nje.

"Shoga, hao wanatafuta mahali pa kula kwa wiki nzima," alisema. "Wamekwenda kutazama kwingine. Jumatatu watapita tena hapa."

"Wiki nzima! Na Kiingereza ninacho, Sabra!"

"Una salamu, mama Angel. Salamu hailiwi. Majina ya vyakula unayo?"

Sekela akatikisa kichwa. Roho ilimuuma sana.

"Basi tuanze na majina. Kwa Kiingereza jina huitwa 'noun'. Jina la mtu, kama 'driver', yaani dereva. Jina la mahali, kama 'kitchen', jikoni. Jina la kitu, kama 'plate', sahani. Mimi nilijifunza hivyo darasa la jioni. Kila kitu dukani nilikiandika jina."

Wakakata maboksi vipande. Sabra akaandika, Sekela akanakili. Wakavifunga kwa uzi kwenye sufuria na trei ya mayai: 'rice', wali. 'Beans', maharage. 'Fish', samaki. 'Eggs', mayai.

"Yai moja ni 'egg'," Sabra alieleza. "Yakiwa mengi, ongeza s: 'eggs'. Sahani nyingi, 'plates'."

"Na wali mwingi, 'rices'?"

"Hapana! Punje za wali utazihesabu wewe? Wali hubaki 'rice'. Hesabu sahani: 'two plates of rice'."

Sekela akapiga makofi. Kumbe inawezekana!

Jumapili, baada ya kanisa, nyumba nzima ilikuwa na vikaratasi, mlangoni, mezani, hadi kwenye ndoo. Chakula kilipoiva, Sekela akashika upawa.

"Hakuna jina, hakuna chakula," alimwambia mumewe, Anania.

"Fish!" Anania akasema.

"Umeonyesha maharage, baba Angel."

"Basi beans! Beans, mke wangu, nina njaa!"

Angel alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu mchana Bwana Mwansa akaingia na wenzake. Akanyoosha mkono afunue sufuria. Sekela akaweka kiganja chake juu ya mfuniko.

"Rice," alisema. Akaigusa ya pili. "Beans." Ya tatu. "Fish." Kisha trei. "Eggs."

Bwana Mwansa akasoma vipande vya boksi. Akatazama sufuria, zote zimefunikwa vizuri.

"Twelve plates of rice and fish," alisema.

"Twelve plates!" Sekela akaitikia kwa sauti iliyofika dukani kwa Sabra.

Chakula kilitoka cha moto, bila vumbi. Madereva walikula, wakarudi Jumanne na Jumatano.

Alhamisi Bwana Mwansa alikuja na kipande chake cha boksi na kalamu. Akagusa sufuria ya mwisho.

"Kiswahili?" aliuliza.

Sekela akaketi karibu naye, akaandika polepole: UGALI.

"Sema," akamwambia. "Hakuna jina, hakuna chakula."