Tundu Nyuma ya Kabati

Tundu la mwisho ndilo lililotoa harufu. Matundu matatu ya kwanza yalimwaga vumbi jeupe la plasta kwenye beseni kama kawaida, lakini drili ilipoingia mara ya nne ukuta uliimeza mpaka shingoni. Yusta nusura aangukie choo. Alipoivuta, ikatoka imelowa, ina joto, inanuka nywele zilizoungua.

"Pumbavu," akauambia ukuta.

Hakuogopa. Hasira alizokuwa nazo hazikumwachia nafasi ya kuogopa. Kabati lile la bafuni lilikuwa ndani ya boksi lake tangu Pasaka, limeegemea ukuta wa chumbani, na kila alipomkumbusha mumewe, Yohane alijibu kwa upole uleule: "Nitalifunga, mama Glory. Wewe tulia." Miswaki ikaendelea kulala dirishani, panya wakaendelea kutafuna sabuni. Siku alipomkuta binti yao ameshika chupa ya dawa ya choo, kizibo kiko mdomoni, Yusta alimpokonya. Alikwenda kwa jirani akaazima drili, akajifunga kitambaa kichwani, akaingia bafuni.

Nyumba yao ilikuwa ya zamani, juu kidogo ya mji wa Lushoto, imechimbiwa kwenye mteremko. Nyuma ya ukuta wa bafu hakukuwa na uwanja wala chumba cha mtu. Kulikuwa na mlima tu. Sasa lile joto lilitoka wapi? Yusta hakujiuliza. Alipigilia fisha, vile vijiti vya plastiki vya kushikia skrubu, akanyoosha kwa pima maji, akakaza skrubu mpaka kiganja kikachubuka. Akapanga vitu vyake, dawa rafu ya juu. Akarudi nyuma kuitazama kazi yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

Asubuhi skrubu zote zilikuwa sakafuni, zimelala mstari mmoja, vichwa vikielekea mlangoni. Kabati lenyewe lilikuwa bado ukutani, halikushikiliwa na kitu.

"Umeona raha?" akamvaa Yohane jikoni. "Umeshindwa kulifunga, sasa unafungua nililofunga mimi?"

"Nifungue nini tena?"

"Skrubu! Usinifanye mtoto, baba Glory."

"Yusta, mimi hata bisibisi sijui umeiweka wapi."

Hakumwamini. Alizikaza upya huku akisonya, na kesho yake akazikuta palepale sakafuni.

Halafu zikaanza sauti. Alasiri moja ukungu ulishuka mpaka madirishani, naye akiwa jikoni anachambua maharage alimsikia Yohane bafuni akisema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Mwanamke gani huyu. Ningemwacha kwao Bumbuli, akachume chai za watu mpaka mgongo ukunjike."

Yusta alitupa ungo. "Rudia! Toka huko urudie mbele yangu!"

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Yohane aliingia na mfuko wa sukari, koti limelowa manyunyu. "Unamfokea nani?"

"Wewe! Umeruka dirishani ukazunguka!"

"Dirisha lile? Hata paka hapiti."

Yusta alilijua dirisha lile. Lakini neno lilikuwa limeshaingia moyoni, na kwa siku kadhaa alimpakulia mumewe chakula kama anayemtupia mbwa.

Kisha ikawa zamu ya Yohane kusikia. Alikuwa anaoga. Alitoka na povu masikioni. Mama yake walikuwa wamemzika masika yaleyale.

"Mama yangu, Yusta? Unasema mama yangu anaoza vizuri?"

"Nani kasema?"

"Nimekusikia kwa masikio yangu! Umenicheka na kunicheka!"

Alikuwa mtu asiyepaza sauti, na siku ile aliipaza mpaka vikombe vikagongana rafuni. Akajaza begi, akapanda gari la kwenda Mombo, akachukua chumba kwenye nyumba ya wageni kule bondeni kando ya barabara kuu. Yusta hakumzuia. Alisimama kizingitini akapiga kelele mpaka gari lilipopotea kwenye kona: "Nenda! Na usirudi!"

Alipogeuka, Glory alikuwa nyuma yake, ameshika doli wake kwa mguu.

"Mama," mtoto akanong'ona, "mbona unagombana na baba kule bafuni, na wewe uko hapa?"

Yusta akasikiliza. Na kweli, kutoka mwisho wa ukumbi, kupitia mlango uliokuwa umefungwa, zilikuja sauti mbili, ya mume na ya mke, zikitupiana matusi ambayo wao wenyewe hawajawahi kuyatamka bali waliwahi kuyawaza, kila mmoja kwa wakati wake, na sauti ya mke ilikuwa yake, na kikohozi chake cha katikati kilikuwa chake, na alipozidi kukaribia akimvuta mtoto kwa mkono kwa sababu aliogopa kumwacha, harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni, na alipousukuma mlango sauti zikakatika, kabati likabaki linapanda na kushuka polepole ukutani kama kifua cha mtu aliyelala, na kutoka nyuma yake sauti ya tatu, ndogo, ya Glory mwenyewe, ikasema, "Mama, nichukue."

Glory alikuwa amemng'ang'ania sketi, mdomo umefumbwa.

Alimpeleka mtoto kwa jirani. Alijua mchungaji angemsema kwa kufuata uganga, lakini hakwenda kwa mchungaji. Alikwenda kwa Bibi Mosi, mganga wa upande wa Mlalo, na kesho yake mchana wakarudi pamoja. Bibi alinusa tangu mlangoni.

"Mlimtoboa," akasema. "Alikuwa amelala humu mlimani kabla ya nyumba. Huyu hana hasira yake mwenyewe, mwanangu. Anakula za watu. Na hapa amenenepa."

"Mtoe, bibi. Amenivunjia nyumba. Mtoe nimuone!"

"Hiyo hasira ndiyo chakula chake. Sikiliza. Akikuuliza neno, usijibu. Akitukana, usijibu. Mimi peke yangu ndiye wa kusema naye."

Walilishusha kabati. Tundu la nne lilikuwa limepanuka, kidole gumba kingeingia, na kingo zake zilikuwa nyororo kama mdomo. Bibi Mosi alichoma majani kwenye kigae, akapuliza moshi tunduni, akaanza kusema Kishambaa cha zamani ambacho Yusta alikidaka nusunusu. Ukuta ukatoka jasho. Matusi yakaanza kumwagika, ya Yohane, ya mama mkwe aliye kaburini, ya Yusta mwenyewe, naye akaing'ata kanga yake mpaka meno yakauma, akanyamaza, moshi ukazidi, bibi akapandisha sauti, na mwisho kile kitu kikachoka, kikaanza kulia.

"Natoka," kikasema kwa sauti ya Yohane. "Lakini niende wapi? Nikae kwa nani? Niambie, mama Glory. Nitatoka tu. Wewe tulia."

Wewe tulia! Miaka yote ya neno hilo ilimpanda Yusta kichwani kwa mara moja. Kanga ikamtoka mdomoni.

"Nenda kwa Yohane!" akafoka. "Nenda Mombo ukamtulize yeye!"

Kilio kikakatika. Jasho la ukuta likakauka wakiona. Hewa ikawa hewa ya kawaida ya bafuni, sabuni na unyevu. Kigae kikamponyoka Bibi Mosi kikapasuka.

"Mwanangu," akasema polepole, "umemwelekeza."

Yusta aliichukua simu akampigia Yohane. Ikaita. Ikaita tena. Yohane akapokea, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Sasa unanipigia ya nini, mama Glory, na wewe uko hapo mlangoni?"

"Mlango gani?"

"Wa chumba changu. Umeshukaje upesi hivi? Usilie, basi. Navaa shati nakufungulia."

"Baba Glory, usifungue! Mimi niko nyumbani! Unanisikia? Usifungue!"

Lakini alikuwa ameshaiweka simu kitandani. Kwa mbali Yusta alisikia hatua zake, kisha akaisikia sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa nayo enzi za uchumba, ikimbembeleza mumewe nyuma ya mlango.

"Fungua, mume wangu. Hasira zimekwisha."

Komeo likavutwa.