Bwana Afya wa Chama

Jamaa zangu, nyumba ya Diwani Fadhil kule Mkomani ilikuwa nyumba ya raha. Asubuhi mkewe, Bi Swafiya, huteka maji kisimani uani, akapika chai ya tangawizi, wakanywa wawili wakizungumza taratibu.

Kila Jumatatu hupita Bwana Wafula, bwana afya wa baraza, mtu wa bara. Hukagua visima na mifereji, akatia dawa. Watu walilalamikia ulimi wake mkali, lakini maji hayakumlaza mtu kitandani.

Mwaka wa 1965 chama kikataka kazi ile apewe Wazir, aliyezunguka mitaani na kipaza sauti wakati wa uchaguzi. Fadhil alijua kwamba Wazir hajui lolote la visima. Lakini kikao kilikuwa kirefu, naye amechoka, na mwenyewe alitaka chama kimsimamishe tena uchaguzi ujao. Akainua mkono pamoja na wenzake. Wafula akaachishwa.

Jumatatu zikapita tupu. Masika yalipofika, shimo la choo cha jirani likafurika.

"Bwana, mai haya yanuka," Bi Swafiya alisema.

"Nitamwambia Wazir."

Alimwambia mara tatu. "Nakuja, Diwani, inshallah," Wazir alijibu, asije. Na Fadhil, ndugu zangu, aliona haya kumkaripia mtu wa chama.

Bi Swafiya akashikwa na homa ya matumbo. Siku ya kumi na mbili akafariki. Majirani wawili wakamfuata.

Matanga yalipokwisha, Fadhil alikwenda ofisini kwa Wazir. Makopo ya dawa yalikuwa yamepangwa ukutani, hata moja halijafunguliwa.

"Mbona hukutia dawa?"

Wazir aliinamisha kichwa. "Diwani, kipimo chake sikijui. Niliogopa kuwapa watu sumu. Siku mliponipa kazi, hakuna aliyeniuliza kama naiweza. Nawe hukuniuliza."

Fadhil alikuwa amekuja kugombana. Akageuka, akarudi nyumbani.

Mwezi ule aliliomba baraza limrudishe Wafula. Barua ikapelekwa, jibu likaja kwamba Wafula amekwishapata kazi Malindi. Fadhil akajiuzulu udiwani. Wazir alibaki na ofisi yake.

Mafunzo

Ampaye kazi mtu asiyeiweza ana fungu lake katika madhara yatakayofuata, hata kama alichofanya ni kukubali tu na wenziwe. Kabla ya kuuliza mtu ni wa nani, tuulize kazi anaijua? Tukichelewa kuuliza, tutauliza makaburini.