Mazishi ya Bluu

"Rudisha shati la mwanangu, Nereida, kabla sijalivunja hilo geti lako!"

"Livunje! Ukimaliza ulipake njano, mabingwa hawakai nyuma ya geti bovu!"

Don Fermín alisimama katikati ya barabara, gongo la besiboli mkononi, fulana ya ndani imemganda kwa jasho. Ng'ambo, Doña Nereida alikuwa ameujaza mlango wake mzima, suruali ya njano imembana, rola kichwani, kikombe cha kahawa mkononi. Watu wa Villa Juana walishatoa viti nje. Hapa Santo Domingo, ugomvi wa Jumapili baada ya fainali hautazamwi dirishani.

"Mabingwa? Mwaka juzi ulikuwa mwekundu! Mwaka jana ukawa bluu, ukaja kwangu kuomba kofia! Hilo geti limepakwa rangi nyingi kuliko kucha zako!"

"Basi baki na bluu yako, mzee, mzikwe pamoja!"

Yudelka akamshika baba yake mkono kabla gongo halijapanda. Shati lilikuwa la kaka yake Deivi, aliyefia kwenye pikipiki akirudi kutoka uwanjani na shangwe zake. Kila siku ya mechi Don Fermín huliosha kwa mikono na kulitundika barazani. Leo asubuhi walikuta vibanio viwili tu vinaning'inia kwenye kamba.

"Baba, twende ndani. Nimeinjika supu ya sankocho."

"Sili. Sili mpaka shati lirudi."

Hapo ndipo ngoma zilipoingia mtaani.

Walikuja wamelewa, njano tupu, tarumbeta mbele, mwanamume mmoja amevaa gauni jeusi la mjane akilia kwa madaha. Katikati jeneza la mbao, limepakwa bluu, wanakwenda kulichoma penye kona kama inavyochomwa kila timu iliyofungwa fainali. Aliyeshika mpini wa mbele, jezi ya njano imemkaa kama ya kuazima, alikuwa Rafelín.

Rafelín wake.

Novemba walikutana uwanjani, foleni ya maandazi ya nyama, akammwagia mchuzi kwenye suruali nyeupe. Kichwani kofia mpya ya bluu.

"Kofia umeinunua leo?" Yudelka alimuuliza akijifuta.

"Nimezaliwa nayo, mrembo."

"Na lebo ya bei pia?"

Yudelka alicheka mpaka akasahau suruali. Lakini Don Fermín, siku alipoletewa kijana nyumbani, hakucheka. "Huyo wa kudandia. Subiri tufungwe, utamwona."

Sasa alikuwa anamwona. Na mtaa mzima pia.

Yudelka alivuka barabara na kumtandika kofi lililozima tarumbeta. "Hata siku moja hujangoja! Hata maiti haijapoa!"

"Yude, nisikilize..."

Hakumaliza. Gongo la Don Fermín lilishuka kwenye mkono wake wa kulia, na kila aliyekuwa kitini alisikia mfupa ukiitika. Rafelín alipiga yowe, akapiga goti, kisha akafanya jambo ambalo Yudelka hakulielewa: alihamishia mpini mkono wa kushoto, akainuka na jeneza.

"Shetani mkubwa!" Chelo, mpwa wake Nereida, akamsukuma Don Fermín mpaka akaanguka matakoni. Watu wakaingilia. Msafara ukasonga.

Yudelka alimwingiza baba yake ndani, akaiwasha simu yake ili amtukane Rafelín vizuri. Tangu jana ilikuwa imezimwa. Mtu wa Bluu akishafungwa hazungumzi na dunia mpaka Jumatatu, asije akachekwa hadi na shangazi yake. Kabla hajabonyeza namba, ikalia.

"Yude! Hatimaye! Nakupigia tangu asubuhi! Wametua jeneza wanywe, ndiyo nimepata mkono!"

"Unipigie uniambie nini? Kwamba njano inakupendeza?"

"Shati la Deivi wamemvalisha ile maiti ya majani iliyo ndani ya jeneza." Ngoma zilikuwa zinamzidi sauti. "Nililiona dukani walipolitengeneza jeneza, wanapigilia kifuniko misumari. Ningeligusa wangenichinja. Lakini mbebaji anasimama karibu na moto, mpenzi. Mbebaji peke yake."

"Kwa nini hukumwambia baba?"

"Baba yako alianza kuongea kwa gongo."

Alikimbia bila viatu.

Alipofika kwenye kona mafuta ya taa yalishamwagwa na jeneza linawaka. Rafelín alilipiga teke, kifuniko kikapasuka, akaingiza mkono mzima hadi begani. Alitoka na kitambaa cha bluu kinachofuka moshi, akakiminya kifuani kukizima.

"Msaliti!" Chelo alimpiga ngumi ya mdomo. Wengine wakamfuata kwa mateke, mbavuni, mgongoni, kwenye ule mkono uliovunjika. Rafelín alijikunja juu ya shati kama mama juu ya mtoto.

Yudelka hakupiga kelele. Aliokota chupa ya ramu, akaipasulia utosini mwa Chelo. Chelo akakaa chini taratibu, damu ikimchuruzika hadi kwenye jezi ya njano.

"Nani mwingine?" Yudelka aliuliza, shingo ya chupa mkononi. "Njooni! Nani mwingine anataka kumzika kaka yangu mara ya pili?"

Tarumbeta zikanyamaza. Mjane akavua shela yake.

Walirudi wakiegemeana. Doña Nereida alikuwa barabarani na barafu ndani ya taulo. Aliliona shati, akajua ni Chelo aliyeliiba, akampa Rafelín barafu bila neno, kisha akakimbilia kwa mpwa wake.

Don Fermín alikuwa mlangoni. Alilipokea shati, akalinusa. Mkono mmoja wa shati ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko.

"Wewe ni wa timu gani?" aliuliza bila kumtazama kijana.

Rafelín akatema damu pembeni. "Ukweli, mzee? Kabla ya Novemba sikuijua hata moja. Kofia niliinunua siku ile ile. Nilidandia kweli. Ila nilimdandia binti yako."

Yudelka akainamisha uso.

"Na sasa?"

"Sasa Bluu, mzee."

"Mjinga gani anadandia timu siku ya mazishi yake?" Sauti ya mzee ilikatika katikati. Alilitundika shati kwenye vibanio vyake viwili, akalinyoosha kola, akasimama hapo mgongo umewageukia. "Tutampeleka hospitali huyu. Lakini si kwa tumbo tupu, wanakalisha watu mpaka jioni pale. Kijiko utashika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, mzee."

"Yude, mkatie nyama vipande vidogo." Akasogea mlangoni, akaacha njia. "Ingia, mwanangu. Ingia tule."